Bawabu Mwenye Orodha Kuukuu

Nyumba yenye bawabu asiyejua kazi yake ina hatari kubwa kuliko nyumba isiyo na bawabu kabisa. Mwenye nyumba isiyo na bawabu hutia komeo mlangoni, huamka usiku akisikia bati limelia, na fedha zake huzificha mbali na dirisha. Mwenye bawabu hulala fofofo. Ndivyo zilivyo tarakilishi nyingi za nyumbani hapa Tononoka, wala sidhani kwamba Majengo, Buxton au Mji wa Kale wametushinda katika jambo hili. Zina programu ya kukinga virusi, ile ambayo mafundi wetu huiita antivairasi. Alama yake huonekana pembeni mwa kioo, na mwenyewe akiiona hujiona yu salama. Walakini ukimwuliza programu hiyo ilipata lini habari mpya, atakutazama kama kwamba umemwuliza siku aliyozaliwa babu wa babu yake.

Mimi ni mwalimu, na maneno haya nayaelekeza kwa wanafunzi makusudi. Katika nyumba nyingi za leo mtoto wa sekondari ndiye ajuaye tarakilishi kuliko baba na mama. Yeye ndiye aliyeifungua siku ya kwanza, yeye ndiye aulizwaye sauti inapopotea, na mara nyingi yeye ndiye aliyeizuia tarakilishi isijisasishe yenyewe ili bando lisiishe. Basi, ndugu msomaji, ikiwa ndiwe, jua kwamba insha hii ni mashitaka, na mshitakiwa ni wewe. Nakuomba usikilize mpaka mwisho kabla ya kujitetea.

Kwanza yafaa tujue kinga hii hufanyaje kazi. Kirusi cha tarakilishi ni programu kama programu nyingine. Tofauti yake ni nia ya aliyeitunga. Nitalitumia neno virusi kama watu wengi walitumiavyo, kwa programu zote za uovu: zinazoiba nywila, zinazofunga mafaili na kudai fidia, na zinazopeleleza kila herufi uipigayo. Programu ya kinga ni kama bawabu aliyepewa orodha ya sura za wezi. Kila faili linaloingia hulitazama, akalilinganisha na orodha yake, na akimtambua mwizi humkamata. Sasa fikiri kwamba wezi wapya huzaliwa kila siku. Taasisi ya AV-TEST ya Ujerumani, ambayo kazi yake ni kuzipima programu za kinga, husema kwamba huandikisha zaidi ya programu mpya 450,000 za uovu au za kutiliwa shaka kila siku. Gawanya hesabu hiyo wewe mwenyewe: ni tano kwa kila sekunde. Bawabu mwenye orodha ya mwaka jana anaweza kusimama wima langoni, macho makavu, rungu mkononi, akawaamkia wezi mmoja baada ya mmoja na kuwafungulia lango.

Ni kweli kwamba programu za siku hizi hazitegemei orodha ya sura peke yake. Huchungulia pia mwenendo: faili likianza kugeuza picha zako zote kuwa maandishi yasiyosomeka, bawabu mwerevu hushituka hata kama sura ni ngeni kwake. Lakini kanuni za kuhukumu mwenendo nazo huja kwa njia ile ile ya kusasishwa. Akinyimwa orodha, kanuni nazo amenyimwa.

Tena kuna kitu cha pili ambacho watu hukichanganya na hiki. Mbali na orodha ya bawabu, kuna nyufa katika ukuta wa nyumba yenyewe, maana hakuna mfumo wa tarakilishi uliotungwa na binadamu ukakosa ufa. Watengenezaji wakiuona ufa hutuma kiraka cha kuuziba. Kiraka na orodha ni vitu viwili mbalimbali, na nyumba huvihitaji vyote viwili. Asasishaye kimoja akakiacha kingine ni kama mtu aliyefunga mlango wa mbele akaacha uani wazi.

Watu wa pwani wanaijua chanjo, kwa hiyo nitatoa mfano wa chanjo. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Jina lake Ali Maow Maalin, naye alikuwa mpishi hospitalini. Mtu wa hospitali, mahali palipo na chanjo, alikosa kinga. Na baadaye mwenyewe alieleza kwamba aliogopa sindano kwa kuwa ilionekana kuuma. Alipona, na katika miaka ya baadaye akawa mhimizaji wa chanjo ya polio katika nchi yake, mpaka alipofariki mwaka 2013. Hakukosa dawa, dawa ilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni kwake. Alikosa kuipokea.

Walakini mfano wa ndui una kasoro moja ambayo sipendi kuificha. Ndui haikuwa ikibadilika upesi, na kwa hiyo chanjo yake iliweza kuing'oa duniani. Virusi vya tarakilishi vinafanana zaidi na mafua. Shirika la Afya Duniani hutangaza mara mbili kila mwaka aina za kirusi cha mafua zinazopasa kutiwa katika chanjo, kwa sababu kirusi cha mwaka huu si kile cha mwaka jana. Daktari akikupa chanjo ya mafua ya miaka mitano iliyopita utamcheka. Mbona hujicheki mwenyewe ukiitegemea antivairasi ya siku uliyonunua tarakilishi?

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha ugomvi wangu. Wengi husema, "Nitaisasisha mwenyewe nikipata nafasi." Neno hili ni zuri masikioni, na karibu kila mara huwa ni uongo ambao mtu hujidanganya nao. Tazama yaliyotokea mwaka 2017. Tarehe 14 Machi kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mmoja mkubwa katika mifumo yake. Hakikuwa siri, wala hakikuuzwa. Tarehe 12 Mei, yaani siku 59 baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika ufa ule ule. Kwa siku chache tu kiliingia katika tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za fidia. Katika hospitali za Uingereza wagonjwa walirudishwa nyumbani. Serikali ya huko ilikadiria kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya matibabu ilifutwa. Siku 59, msomaji! Katika muda huo mtu angeweza kupata nafasi hata ya kuchimba kisima. Hospitali zile zilikuwa na mafundi wa kulipwa, na hao nao walikuwa wakisubiri nafasi. Seuze wewe mwenye mtihani, mpira, kazi za nyumbani na simu isiyonyamaza.

Kwa ajili hii nashikilia kwamba tarakilishi ya nyumbani iachwe ijisasishe yenyewe. Binadamu husahau; ni maumbile yake, wala simlaumu. Namlaumu anayejua kwamba husahau, akapewa chombo kisichosahau, akakizima kwa mkono wake.

Hoja kubwa inayotolewa dhidi yangu ni gharama, na hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote. Nyumba ambayo mlo wa jioni hupimwa kwa shilingi haiwezi kuambiwa kwamba bando si kitu. Lakini tuiangalie kwa haki. Desturi ya kuzima masasisho ilianza zamani, wakati intaneti ya Afrika Mashariki ilipopita katika satelaiti, ikawa ghali na ya kusuasua, na mtu alilipa kwa dakika katika saiba. Siku hizo kumkataza bawabu asitumie waya kulikuwa na maana. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua hapa hapa Mombasa kutoka baharini, na mwaka uliofuata ukatua wa EASSy. Intaneti ya nchi nzima, na ya majirani wetu wengi, sasa hupita chini ya maji ambayo vijana wa Tononoka huyaogelea Jumapili. Waya umefika mlangoni kwetu, bei imeshuka mno, lakini desturi ya zama za satelaiti bado imekaa kitako sebuleni.

Tena wenye hoja hii huchanganya vizito na vyepesi. Orodha mpya ya virusi inayoletwa kila siku ni ndogo. Mara nyingi hula bando kidogo kuliko video chache za kuchekesha unazotumiwa na marafiki kabla ya kulala. Vilivyo vizito ni viraka vya mfumo wenyewe, ambavyo pengine hufika mamia ya megabaiti na zaidi. Kwa vizito unaweza kuchagua wakati. Unaweza kuiambia tarakilishi isijizime na kujiwasha katika saa zako za kazi, na ukavipakua kwenye waya wa nyumbani, au kwa jirani mwenye waya ikiwa mnapatana. Lakini angalia mtego mmoja: wengi huiambia tarakilishi kwamba mtandao wao ni wa kupimwa, wakasahau, na miaka miwili baadaye bado inangoja ruhusa kama mgeni mwenye adabu aliyeachwa barazani. Mtu anayepata bando la kutazama mechi tatu kwa juma akaniambia hana la kumlisha bawabu, huyo simwamini.

Hoja ya pili ni ile ya, "Mimi sina cha kuibiwa." Hii siiheshimu hata kidogo. Fungua tarakilishi ya nyumbani kwenu uitazame kwa macho ya mwizi. Baba alitumia kioo hicho hicho kupeleka hesabu zake za kodi, na nywila imehifadhiwa humo. Mama ameweka madeni ya biashara yake, nani alichukua vitambaa na nani hajalipa. Humo mna picha za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, barua za kuombea karo. Mna sauti na sura za bibi aliyefariki, zilizorekodiwa siku ya harusi, na hazina nakala mahali pengine popote. Mwizi wa fidia hana haja na bibi yako. Anajua tu kwamba wewe unayo haja naye, na hiyo ndiyo bei. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya tarakilishi na makosa ya mtandao humwadhibu mhalifu akipatikana, na ni sheria njema, lakini hakimu hawezi kukurudishia sura iliyopotea.

Wala mwizi hakuchagui kwa utajiri wako. Programu zake hubisha kila mlango duniani, usiku na mchana, bila ya kuchoka. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilihesabu matukio zaidi ya bilioni 2.5 ya vitisho vya mtandaoni katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2025 peke yake, na katika sababu zilizotajwa mojawapo ni mifumo isiyotiwa viraka. Hayo hayakuwa maibizi bilioni mbili na nusu. Mengi ni kubisha hodi tu. Lakini abishaye hodi mara nyingi hivyo ana yakini kwamba pana mlango fulani usiofungwa.

Tena usiseme madhara ni yako peke yako. Kirusi kiitwacho Conficker kilianza kuenea Novemba 2008, na kiraka cha kukizuia kilikuwa kimekwisha kutolewa tarehe 23 Oktoba. Kilikamata tarakilishi mamilioni; hata mtandao wa jeshi la majini la Ufaransa uliambukizwa mapema mwaka 2009. Moja ya njia zake ilikuwa flashi, kijiti hiki hiki ambacho mwanafunzi huchomeka nyumbani, akakichomeka saibani Mwembe Tayari kuchapisha kazi yake, kisha akakichomeka katika tarakilishi ya skuli mbele ya wenzake arobaini. Anayesema hana cha kuibiwa amesahau kwamba anacho cha kuambukiza. Jirani akikataa kufukia maji machafu mbele ya nyumba yake kwa kuwa yeye haogopi mbu, utamwambiaje?

Nimebakiza maneno makali kwa ajili ya fundi. Si kila fundi. Wapo waaminifu, na mji huu usingekwenda bila wao. Namsema yule anayeuza kipakatalishi kilichokwisha tumika Ulaya au Dubai, akakipamba kwa programu zilizovunjwa kufuli, na ili zile programu za wizi zikubali kukaa, jambo la kwanza analofanya ni kuizima kinga. Bawabu hupiga kelele kwamba faili lile lina mashaka, fundi humziba mdomo, akacheka, akamwambia mnunuzi, "Hiyo ni makelele tu." Mnunuzi huondoka dukani na furaha, asijue kwamba amenunua nyumba ambayo funguo zake zilikabidhiwa mtu asiyemjua. Watu wa Mombasa hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan aliingia ndani ya Fort Jesus na watu wake akamwua kapteni wa Wareno, na zile kuta nene ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593 hazikumzuia, maana hakuhitaji kuzivunja. Programu iliyovunjwa kufuli nayo huingia hivyo: umeipokea mwenyewe, na bawabu umemwondoa langoni ili ipite.

Kuna wajuzi wachache watakaonijibu kwamba masasisho yenyewe yamewahi kuleta msiba. Wanasema kweli. Tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya kinga iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho lenye kosa, na tarakilishi zipatazo milioni 8.5 zikaanguka, ndege zikakwama, benki na hospitali zikasimama. Lakini soma habari yote. Sasisho lile liliondolewa kwa dakika 78. Kinga ile ilikuwa ya makampuni, si ya nyumbani kwenu, na Microsoft ilieleza kwamba mashine zilizoanguka hazikufika hata moja katika kila mia ya mashine za Windows. Zilikuwa zimeanguka, hazikuibiwa.

Msiba wa pili una uchungu zaidi, nao ni wa NotPetya, tarehe 27 Juni 2017. Kirusi hicho kilipandikizwa katika sasisho la programu ya hesabu iliyotumika sana Ukraine. Kutoka hapo kikaenea katika mitandao ya makampuni makubwa, pamoja na Maersk, ambao makasha yao utayaona kila siku yakitoka Kilindini. Maersk walilazimika kujenga upya seva 4,000 na tarakilishi 45,000 kwa muda wa siku kumi, na hasara yao waliikadiria kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Daftari la mfumo mzima lilisalimika katika seva moja tu, iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya kirusi kufika. Sisi tuliozoea kuulalamikia umeme tuna ruhusa ya kutabasamu kidogo. Lakini kirusi hicho kilipokwisha kuingia kilisambaa kwa njia gani? Mojawapo ilikuwa ufa ule ule wa WannaCry, ambao kiraka chake kilikuwa na umri wa siku 105. Mlango mmoja ulifunguliwa na sasisho ovu. Milango mingine ilikuwa wazi kwa kukosa sasisho jema. Mtu akisumishwa na chakula kimoja, daktari hamwambii aache kula.

Sikuahidi kwamba kinga itakuokoa na kila kitu. Ukimpigia simu tapeli ukamtajia nambari yako ya siri kwa kinywa chako, bawabu gani atakuzuia? Na nakala za picha zenu ziwekwe pia mahali pengine, katika diski isiyokaa imechomekwa. Hayo yana insha zake.

Ninalokutaka ulifanye leo ni dogo. Keti mbele ya tarakilishi ya nyumbani, fungua sehemu ya usalama katika mipangilio, usome tarehe ya mara ya mwisho orodha ya virusi ilipoletwa. Kama mfumo wenu ni Windows 8 au wa baadaye, kinga imo ndani tangu kiwandani wala haidai malipo. Yataka isizimwe tu. Kama ni Windows 7, viraka vyake vya kawaida vilikoma tarehe 14 Januari 2020. Na kama ni Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mwambie mzazi mapema kwamba pana jambo la kuamua: kuhamia mfumo mpya ikiwa mashine yaweza, au mfumo wa bure kama Linux ikiwa haiwezi.

Na siku baba atakapokwenda kununua kipakatalishi, fuatana naye. Mwombe muuzaji akiwashe mbele yenu, akiunganishe na mtandao, aonyeshe kwamba kinga iko macho na inajisasisha yenyewe, kabla noti hazijatoka mfukoni. Akisema mambo hayo mtayafanya nyumbani, mshukuruni kwa adabu, mvuke barabara, mwingie duka la pili.